Fundi wa Kaburi Lake

Fundi aliambiwa ajijengee kaburi siku ya Jumatatu mchana, akiwa bado anatafuna.

Aliyemwambia ni afisa wa ofisi ya ufadhili, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Faili kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona kwapa lake likiwa tupu. Aliingia kabla ya kukaribishwa, akapewa kiti pekee chenye mgongo, akakifuta kwa leso ndipo akakikalia. Mke wa fundi, mshonaji wa sare za shule, alisimamisha cherehani yake. Ile leso aliiona. Alinyamaza, kwa sababu mtu anayemlipia mwanao ada akikifuta kiti chako, kiti ndicho chenye makosa.

"Habari njema," Bwana Faili alisema. "Mama Mfadhili anakuja Jumamosi hii. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake."

Mshonaji akapiga makofi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Anakuja kumwona Injinia?"

Injinia alikuwa binti yao, kidato cha tano. Jina hilo alipewa na mafundi waliofanya kazi na baba yake, siku alipowaambia, akiwa na miaka minane, kwamba ukuta wao umelala, haukusimama wima. Walimcheka sana. Kisha wakaweka pimamaji, na kicheko kikaisha, maana ukuta ulikuwa umelala kweli.

"Kumwona, na kusaini karatasi za chuo," Bwana Faili alisema. "Miaka minne ya uhandisi, shemeji. Ada, malazi, vitabu. Zimo humu." Akalipiga faili kofi. "Akishasaini hapa, hata sisi ofisini hatuwezi kuzifuta. Ila kuna jambo dogo. Kabla ya kusaini, anataka kulitembelea kaburi."

"Kaburi la nani?" fundi akauliza.

Bwana Faili alimtazama, akatazama faili. "Lako."

Kwenye faili lile fundi alikuwa marehemu kwa mwaka wa saba. Siku ya kumwandikisha mtoto, Bwana Faili huyuhuyu aliwaambia kwamba nafasi zilizobaki ni za yatima tu, na kwamba ni kisanduku kimoja, tiki moja, mtoto asome. Fundi aliitia tiki hiyo kwa mkono wake mwenyewe, huku akicheka. Nani asingecheka? Ukiwa na mtoto anayeona ukuta umelala kwa macho matupu, na huna ada ya kumpeleka popote, kufa kwenye karatasi ni bei nafuu. Nasema hivi mapema ili asije mtu akajifanya mwadilifu hapa. Wengi wetu tungekufa mara mbili.

Ila karatasi haishibi. Kila mwaka Injinia aliandika barua ya shukrani, na kila mwaka Bwana Faili alikuwa na la kuongeza. Barua ya mwaka juzi alimwambia aongeze kwamba kila mwezi huenda kaburini kwa baba yake na maua. "Wafadhili wanapenda maua," alimwambia. Mtoto akaandika. Na Mama Mfadhili, ambaye naye alikuwa amefiwa na baba yake mwaka huohuo, aliisoma, akalia, akaapa kwamba siku moja watasimama pamoja kwenye kaburi lile.

"Lakini mimi sina kaburi," fundi alisema.

"Ndiyo maana nimekuja Jumatatu. Mlinzi wa makaburi nimeshaongea naye, ametupa nafasi kwenye kona, karibu na uzio. Nikichukua fundi mwingine atataka hela nyingi, halafu ataongea. Wewe ni fundi. Na wewe huwezi kuongea."

Fundi alitafuna kilichobaki mdomoni, akameza. "Nilikufa lini?"

"Mwezi wa tatu, tarehe tisa."

"Nikauawa na nini?"

"Ulianguka kutoka kwenye jukwaa. Kazini."

Hapo fundi aliweka sahani chini, na hapo ndipo alipokasirika kwa mara ya kwanza. "Mimi? Nianguke mimi? Miaka ishirini na mbili niko juu ya majukwaa sijadondosha hata mwiko! Andika homa, kama watu wengine!"

"Haibadiliki, mzee. Ilishatumwa."

"Mnamchuria mume wangu," mshonaji alisema kwa sauti ya chini. "Mtu hajengewi kaburi akiwa hai. Ni uchuro huo."

"Shemeji, ni saruji tu." Bwana Faili alisimama, akajipangusa suruali kwa nyuma. "Mnataka chuo, au hamtaki?"

Swali kama hilo huulizwa na mtu ambaye jibu anatembea nalo kwapani.

Injinia aliporudi kutoka shule na kuambiwa, alicheka, akidhani ni utani wa baba yake. Alipomwona mama yake hacheki, akaweka begi chini.

"Sitaki," alisema.

"Hutaki nini?" fundi akamuuliza. "Kaburi si lako."

"Baba, nimekuua kila mwaka kwa mwandiko wangu. Nimeandika nakukosa. Nimeandika naota unaniita. Naandika hivyo wewe uko hapo unakuna mgongo kwenye mlango! Sasa nisimame nilie juu yako?"

"Utalia kidogo. Si lazima machozi yatoke."

"Mama, mwambie."

Mshonaji alikuwa anapinda sketi ya shule, sare ya mtoto wa mtu. Alikata uzi kwa meno. "Mimi jana nilikuwa na mume anayekoroma mpaka majirani wanalalamika. Leo ni mjane, na Jumamosi nitaazima kitambaa cheusi. Unadhani mimi napenda? Lakini nikuulize, mwanangu. Chuo nani atalipa? Hii cherehani?"

Binti aliiangalia cherehani. Ilikuwa imefungwa kwa waya mahali pawili.

"Sikiliza, mama yangu," fundi alisema, na alipomwita hivyo binti alijua ameshashindwa. "Mimi nimejenga nyumba za watu, sijawahi kusoma ramani hata moja. Anakuja kijana na karatasi, ananiambia, 'Fundi, hapa weka nguzo.' Najua hapo nguzo haifai. Nikisema, ananiuliza nimesoma wapi. Naweka nguzo. Mwaka wa pili ukuta unapasuka, anaitwa nani? Fundi. Nataka siku moja wewe ndiye uje na hiyo karatasi. Kwa hilo nitakufa hata kila Jumamosi."

Injinia aliokota begi lake. Usiku huo fundi alikoroma kama kawaida, na hata majirani walivyolalamika haikufikia mke wake alivyofurahi kumsikia.

Bwana Faili alileta mifuko minne ya saruji na nusu ya malipo, akisema nusu nyingine itakuja baada ya ziara. Fundi alipopima kona ile aliona mifuko minne haitoshi. Aliongeza mmoja kwa hela yake.

"Maiti gani inajinunulia saruji?" mshonaji alimuuliza.

"Inayojua kazi," fundi alimjibu.

Alifanya kazi siku tatu. Angeweza kulipua, afanye ovyo ovyo, Mungu anajua alikuwa na sababu, lakini mkono wake haukujua kulipua. Alipanga matofali, akamwaga zege, akasawazisha, akapiga plasta laini mpaka mlinzi wa makaburi, mtu aliyezeeka kwa kuona makaburi, akaja kusimama pembeni na kutikisa kichwa. Injinia alikuja kila jioni baada ya masomo kushika kamba. Walizungumza mambo ya kawaida, pembe na miteremko, maji ya mvua yatapitia wapi. Ukiwaona kwa mbali ungesema wanajenga kibaraza.

Mahali pa kichwa fundi aliinua jiwe la zege, na kabla halijakauka akachonga jina lake, mwaka wa kuzaliwa na tarehe tisa mwezi wa tatu. Herufi zilikuwa nzuri kuliko za bango lolote mjini.

Ijumaa jioni, baba akimwagia maji ili saruji isipasuke, binti aliinama upande wa miguuni, kwenye pembe ya ukingo.

"Baba."

"Eeh."

"Umetia sahihi."

Fundi alikuja akaangalia. Kwenye kila kazi aliyowahi kuifanya, iwe ngazi, iwe kisima, iwe choo cha shimo, alikuwa na desturi ya kuokota msumari na kuchora kwenye saruji mbichi jina lake na namba yake ya simu. Hivyo ndivyo alivyopata wateja. Bango hakuwa nalo. Ilikuwa sehemu ya kumaliza kazi, kama kuosha mwiko, na hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuifanya safari hii. Lakini ilikuwepo, wazi kabisa: Fundi, halafu jina lilelile lililokuwa kwenye jiwe la kichwani, halafu namba.

Alijipiga kofi mdomoni. "Kisu. Au nipe patasi."

"Ukichonga sasa ukingo wote utamomonyoka. Haijakomaa."

Ndivyo ilivyokuwa, na aliyemfundisha kujua hivyo ni yeye. Wakasimama wote wawili wanaangalia ile namba. Kisha fundi alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini juu ya kaburi lake, na binti akacheka, na mlinzi wa makaburi kule langoni akajiuliza hawa watu wamerogwa na nani.

"Tutaweka ndoo ya maua hapo juu," binti alisema mwishowe, akijifuta macho. "Si anapenda maua."

Jumamosi jua lilitoka mapema kama lililotumwa. Mshonaji alivaa kitambaa cheusi cha kuazima. Injinia alivaa sare ya shule, kama Bwana Faili alivyoagiza, ingawa siku hiyo hakukuwa na masomo. Fundi alitakiwa asionekane kabisa. Lakini saruji ilikuwa na siku mbili tu, jua lile lingeipasua, na yeye hakuwa tayari kazi yake ipasuke mbele ya mgeni. Alikuja na nguo za kazi na kopo la maji.

Bwana Faili alipomwona karibu adondoshe faili. "Wewe unafanya nini hapa?"

"Namwagilia."

"Marehemu anamwagilia!" Aliangalia saa yake, akaangalia barabara. Gari lilikuwa limeshakata kona. "Haya. Wewe ni mtunza maua. Simama kule. Usiseme neno. Usimwangalie mtoto."

Mama Mfadhili alikuwa mzee kuliko picha zake. Alitembea kwa mkongojo, taratibu, na alipomfikia Injinia aliuangusha mkongojo chini ili amkumbatie kwa mikono yote miwili. Ingekuwa rahisi kumchukia kama angekuja na kamera na miwani ya jua, lakini alikuja na maua aliyoyafunga mwenyewe kwa uzi, vibaya, na macho mekundu. Alizungumza lugha yake, na Bwana Faili akatafsiri. Kwa mshonaji alitafsiri "pole," "pole sana" na "anasema pole."

Alichosahau Bwana Faili, au alichokidharau, ni kwamba Injinia alikuwa amekaa darasani miaka saba akisomeshwa lugha ileile, kwa hela ya yule mgeni.

Kwa hiyo Injinia alisikia yote. Alimsikia mgeni akisema, "Ni pazuri. Lakini nilidhani litakuwa la marumaru. Miaka miwili iliyopita, aliponiandikia kuhusu maua, niliwatumia fedha za jiwe la marumaru."

Na alimsikia Bwana Faili akijibu bila hata kumeza mate, "Marumaru haikupatikana, mama. Watu wa hapa wanapenda saruji. Tulijenga mara ileile fedha zilipofika."

Miaka miwili. Injinia aliangalia saruji iliyomwagwa Alhamisi. Alifikiria mfuko wa tano, ule ambao baba yake aliununua kwa hela ya mboga ya wiki nzima. Alikuwa amedhani wao ndio waongo, na kwamba Bwana Faili anawafichia uongo wao kwa huruma. Kumbe walikuwa shamba lake. Alivuna kwenye uhai wao, na walipokwisha kuvunwa wakiwa hai, akawavuna wakiwa wafu.

Bado alinyamaza. Semeni mtakavyo, alinyamaza. Karatasi za chuo zilikuwa kwenye faili lile, na kalamu ilikuwa imeshachomekwa juu yake.

Mama Mfadhili aliweka kiganja chake juu ya kaburi. Alikiinua, akakitazama. "Pamelowa."

"Ni mtunza maua," Bwana Faili alisema haraka. "Anamwagilia."

Mgeni aligeuka. Alimwona mtu mwenye nguo zenye madoa ya saruji, kopo mkononi, macho chini. Uso wake ukalegea kwa upole. Alifungua mkoba, akatoa noti, akamwendea. "Mwambieni namshukuru," alisema, "kwa kumtunza vizuri hivi mtu ambaye hakumjua."

Bwana Faili alitafsiri, "Chukua, sema asante."

Fundi aliliweka kopo chini. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaipokea ile noti kwa mikono miwili, na akainama. Aliinama sana. Mtu aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, ambaye mkewe alimfokea kwa kutokubali hata bakshishi ya mteja, aliinamia noti ya kutunza kaburi lake mwenyewe, mbele ya binti yake, ili binti yake asome.

Binti aliona kisogo cha baba yake. Kilikuwa na vumbi la saruji kwenye mikunjo.

"Huyo ndiye baba yangu," alisema.

Alilisema kwa lugha ya mgeni, kwa sauti ya darasani, akitamka kila neno. Mama Mfadhili alitabasamu, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Nini, mpenzi?"

"Huyo uliyempa hela. Ndiye baba yangu. Hajafa."

"Mtoto ana majonzi," Bwana Faili alisema, akiingia katikati yao. "Kila akifika hapa huchanganyikiwa. Tumezungumza na daktari." Kisha, kwa Kiswahili, bila kuacha kutabasamu: "Funga mdomo wako, mpumbavu wewe! Unavunja miaka minne!"

"Injinia," fundi alisema. Hilo tu. Alikuwa anamsihi.

"Mwanangu, acha," mama yake alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshakivua kile kitambaa cheusi kichwani, na hakujua umekivua saa ngapi.

Injinia alipita nyuma ya Bwana Faili mpaka upande wa miguuni. Aliinyanyua ndoo ya maua, akaiweka pembeni taratibu, isimwagike. "Jina la pale juu ni la marehemu," alisema. "Jina la hapa chini ni la fundi aliyejenga. Baba huandika hivyo kwenye kazi zake zote. Soma yote mawili, mama. Halafu piga hiyo namba."

Mgeni alisoma pale juu. Akaja mpaka chini, mkongojo ukigonga, akasoma tena. Alikuwa na simu ndogo aliyoazimwa na ofisi kwa ajili ya ziara. Vidole vyake vilikuwa vizito, akakosea, akaanza upya. Bwana Faili alinyoosha mkono kana kwamba anataka kumsaidia, na yule mama mzee akamzuia kwa bega.

Simu iliita kwenye mfuko wa fundi.

Ilikuwa simu ya zamani, yenye mlio wa kuudhi. Iliita mara moja, mara mbili. Fundi angeweza kuingiza mkono na kuizima. Bwana Faili alikuwa anamwambia hivyo kwa macho, faili amelikumbatia kifuani na kalamu yake. Fundi aliangalia faili. Aliangalia kaburi, na tarehe tisa mwezi wa tatu, akakumbuka jukwaa ambalo hakuanguka kutoka juu yake. Halafu alimwangalia binti yake, ambaye alikuwa amesimama wima kama timazi, na machozi yanamtoka sasa, yale ambayo hakuna aliyemwambia ayatoe.

Akaitoa. Akaibonyeza.

"Halo," alisema. "Ndiyo. Ni mimi."

Mama Mfadhili aliisikia sauti ile mara mbili, moja simuni na moja kutoka hatua nne mbele yake.

Hakupiga kelele. Aliuliza maswali mawili. La kwanza alimuuliza Bwana Faili: hela za marumaru ziko wapi? Bwana Faili alifungua faili, akaanza kupekua karatasi kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. La pili alimuuliza Injinia: na zile barua?

"Niliandika mimi," Injinia alisema. "Yeye aliniambia niweke nini. Lakini mkono ni wangu. Naomba msamaha."

Yule mama mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Alionekana kama mtu aliyefiwa na baba yake kwa mara ya pili, na hilo Injinia alilibeba moyoni na hakujaribu kulitua. Maua yake hakuyaweka popote. Aliondoka nayo. Karatasi hazikusainiwa.

Fundi aliiacha ile noti chini ya ndoo. Walipofika langoni na kugeuka, ndoo ilikuwepo, noti haikuwepo, na mlinzi wa makaburi alikuwa anapiga mluzi.

Siku iliyofuata mshonaji alimwambia mumewe kwamba hatalala tena kwenye nyumba ambayo mwenyewe ana kaburi. Fundi alichukua nyundo kubwa akaenda kulivunja. Lilimchukua asubuhi nzima, kwa sababu lilijengwa na fundi.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, yenye muhuri. Ilisema ufadhili umesitishwa kutokana na *udanganyifu wa familia*. Ilisema familia ilighushi kifo. Haikusema neno lolote kuhusu marumaru. Bwana Faili hakufukuzwa. Alihamishiwa kitengo kingine, kikubwa zaidi, na watu waliomwona wanasema sasa ana mafaili mawili, moja kila kwapa. Kutoka kwa Mama Mfadhili hakikuja kitu. Labda hakuandika. Labda aliandika, na barua ikapita kwenye mikono ileile. Hilo hawatalijua kamwe, na ukiniuliza mimi, hilo ndilo linalonichoma kuliko yote: kwamba hata huruma ya kweli, kama ilikuwepo, ilibidi ipite mlango wa mwizi.

Muhula ulipofunguliwa, fundi na binti yake walikwenda shule ya kutwa iliyo nyuma ya soko, ile yenye madirisha bila vioo. Walikaa kwenye benchi, fundi akiwa ameoga na kuvaa shati la harusi za watu. Karani alikuwa mama mnene mwenye huruma, aliyekuwa amechoka.

"Jaza hapa," alimwambia Injinia, akimsukumia fomu. Alimwangalia baba, akaangalia viatu vyake, akainama mbele na kushusha sauti. "Mwanangu, nikwambie kitu. Ada yetu ni hiyo unayoiona. Lakini kwa yatima tuna nafuu, karibu nusu. Hatuendi nyumbani kwa mtu kuchunguza. Ni kisanduku tu." Akageuka upande, ili asione.

Alikuwa na nia njema. Nia njema haikupungua hata siku moja katika hadithi hii.

Injinia aliangalia fomu. *Baba: yu hai. Amefariki.* Visanduku viwili, vidogo, sawasawa. Alihisi baba yake ameacha kupumua pembeni yake. Fundi hakumgusa. Alikuwa anaangalia ukuta wa ofisi, ambao ulikuwa umelala.

Binti aliweka kalamu kwenye kisanduku cha kwanza, akakandamiza. Alitia tiki, akairudia, akairudia tena, mpaka kalamu ikatoboa karatasi na kuandika mezani.

Karani aligeuka. "Haa! Umeiharibu fomu. Nyingine inalipiwa, mzee."

"Lete," fundi alisema. "Tutalipa."